Tulipewa Jembe Siku ya Tatu
(Mazungumzo ya akina mama walioolewa Ikonda kutoka mikoa mingine, yaliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Pili, tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema sisi tunaoitwa watu wa kuja. Tulipoambiwa tuandae mazungumzo haya tulikutana jikoni kwa mwenzetu jioni tatu, tukaota moto, kila mmoja akasema lake, na yule mwenye mwandiko mzuri akaandika. Kwa hiyo haya si maneno ya mtu mmoja. Pale patakapouma, tunaomba mtuvumilie, maana hata sisi tulipoandika paliuma.

Ndugu Mgeni Rasmi, kati yetu yupo aliyetoka Lindi, yupo wa Kagera, yupo wa Tanga, yupo wa Songea, na wengine. Tulifikaje huku? Wote mnajua. Mkinga ni mfanyabiashara. Ukienda Kariakoo utamkuta, ukienda Mbeya mjini utamkuta, ukienda Iringa na Makambako hali kadhalika. Anaondoka kijana na begi moja, anarudi na mzigo na mke. Mke ndiye sisi. Wengine tulifika zamani, Makete ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa, kabla Mkoa wa Njombe haujaundwa mwaka 2012. Wengine tumekuja juzi juzi kwa barabara ya lami, tukisikia wakubwa wakisimulia habari za kulala njiani na malori kukwama kwenye matope, tukadhani ni hadithi.

Mwenzetu wa Lindi alishuka Makambako saa tisa za usiku mwezi wa Juni, amevaa kanga mbili na ndala. Mume alikuwa amemwambia kwao kuna baridi kidogo. Kidogo! Pale njia panda ya Songea alitetemeka mpaka mama muuza chai akamfunika na gunia la viazi. Alipofika Ikonda, juu ya mita 2,000, asubuhi aliona majani yote meupe akadhani kuna mtu kamwaga chumvi shambani. Ilikuwa sakitu. Leo yeye ndiye anayewaambia wageni wavae soksi.

Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi methali hiyo ilitupata kama ilivyo. Siku ya tatu mama mkwe alitoa jembe, akatangulia, tukafuata. Hatukuwa na lugha moja. Wengi wa mama wakwe zetu walikuwa na Kiswahili cha salamu tu, na sisi Kikinga hatukuwa nacho hata cha salamu. Basi tulifundishwa kwa mikono. Alishika kiazi cha mbegu, akatuonyesha jicho lilipo, akakilaza kwenye tuta, akafukia. Akatutazama tufanye. Tukikosea anafukua, anarudia, hasemi kitu. Hivyo ndivyo tulivyojifunza viazi, ngano na njegere. Na hivyo ndivyo tulivyojifunza kunyamaza pamoja na mtu bila kugombana naye.

Tulicheka pia, jamani. Mwenzetu wa Kagera alitafuta ndizi za kupika mpaka akakata tamaa. Wa Tanga aliagiza nazi, zikafika zimeoza. Kuna aliyeonjeshwa ulanzi asubuhi ukiwa mtamu kama juisi, akasifu sana, jioni akaupiga tena kwa kipimo kile kile bila kujua kwamba umeshachacha. Mambo ya jioni ile hatutayasoma mbele ya viongozi wa dini.

Watoto walipozaliwa ndipo tulipopata lugha. Mtoto hana ugeni. Anaongea Kikinga na bibi yake, Kiswahili na mama yake, na akitumwa anabeba maneno ya huku kupeleka kule. Nyumba nyingi zetu zilijengwa na watoto wa miaka mitatu waliokuwa wakalimani. Na tuseme ukweli: wapo mama wakwe waliotuuguza kuliko mama zetu, waliotembea na sisi usiku mpaka Hospitali ya Ikonda uchungu ulipoanza, wakakaa nje kwenye baridi mpaka waliposikia kilio cha mtoto. Hospitali yenyewe ilijengwa na wamisionari wa Consolata, watu wa kuja kama sisi, na leo wagonjwa wanaifuata kutoka mikoa ya mbali. Hakuna anayeiita ya wageni. Kiazi nacho asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, na paini tunazopanda hapa, zile za patula, zimetoka Meksiko. Vyote vimeshakuwa vya kwetu.

Sasa, Ndugu Mgeni Rasmi, hapa ndipo penye jambo letu. Jembe tulipewa siku ya tatu. Shamba lenyewe tulilisubiri miaka.

Tufafanue, ili wenyeji wetu wasituelewe vibaya. Hakuna aliyetunyima pa kulima. Tulionyeshwa kipande, tukaambiwa limeni. Lakini kuna kulima viazi na kuna kupanda miti. Viazi ni vya msimu, unavuna unaondoka. Mti unakaa miaka kumi na zaidi, na aliyepanda mti amesema hapa ni pangu. Kwa hiyo mwanamke wa kuja alima viazi, asipande paini wala mlingoti. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Ilijulikana tu. Ukiuliza unaambiwa: una haraka gani, kwani mumeo si yupo?

Kikundi chetu kilipoanza, nacho kilikuwa na mawazo hayo hayo. Tunalisema hili siku ya sherehe kwa sababu kitabu cha kumbukumbu kinachosifu tu hakimsaidii atakayekuja kesho. Katiba yetu ya kwanza ilisema mkopo wa kununua shamba au miche ya miti lazima udhaminiwe na ndugu wa ukoo wa mume. Tulipiga kura wote. Na sisi watu wa kuja tulinyoosha mikono, maana nani alitaka kuonekana mkorofi?

Katika miaka ya mwanzo mwenzetu mmoja kutoka pwani aliomba mkopo wa miche ya paini. Hisa zake zilikuwa nzuri na marejesho yake hayakuwa na dosari. Mume alikuwa mjini kwenye biashara, na alikuwa ameshamwonyesha kipande kwa mdomo. Tukamwambia alete sahihi ya shemeji. Shemeji akakataa. Mkopo haukutoka. Akapanda viazi.

Haukupita muda mrefu mume akafariki. Baada ya msiba aliitwa akaambiwa, kwa upole kabisa, avune viazi vyake halafu atazame utaratibu wa kurudi kwao. Karatasi hakuwa nayo. Cheti cha ndoa hakuwa nacho. Mti hata mmoja hakuwa nao. Alikuja kwenye kikao chetu cha wiki na watoto wake watatu. Na sisi tulifanya nini? Tulifungua mfuko wa jamii, tukamchangia nauli.

Jamani, tulimchangia nauli ya kuondoka. Na tulijisikia vizuri siku ile, tukaimba na kumsindikiza kituoni. Wiki iliyofuata tulipokaa kununua hisa, nafasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi, na hapo ndipo kila mmoja wetu aliyetoka mbali alipojihesabu. Mimi nina nini? Wewe una nini? Ikinifika mimi, nitachangiwa nauli ya wapi? Wengine wazazi wetu walishafariki, na kule kwetu kaka zetu wameshagawana mashamba. Huku ni wa kuja, na kule ni aliyeondoka.

Kikao cha kubadili katiba kilikuwa kigumu. Wapo waliosema tunaleta uanaharakati, tunataka kuwanyang'anya wenyeji ardhi ya mababu. Tukarushiana maneno mpaka sanduku likafungwa bila hisa kununuliwa. Aliyetuokoa hakuwa mtu wa kuja. Alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa hapa hapa. Alisimama akasema yeye ana mabinti wanne, wawili wameolewa Mbeya, mmoja Songea, mmoja Dar es Salaam. Akauliza: huko walipo, wao si ndio watu wa kuja? Nikiwaza mkwe wangu akifa, nataka binti yangu achangiwe nauli? Pakawa kimya. Kila mama pale alikuwa na binti mahali.

Ndugu Mgeni Rasmi, tangu siku ile tulianza kusoma. Tulimwomba mtu wa msaada wa kisheria aje, akatueleza kwa lugha rahisi. Tunayaandika hapa machache ili yabaki kwenye kijitabu hiki.

Kwanza, Katiba ya nchi, Ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali. Haisemi kila mwanamume.

Pili, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanamke aliyeolewa ana haki ya kupata, kumiliki na kuuza mali sawa na mwanamume. Inasema pia nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Wasio na cheti, ikiwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, sheria inachukulia kwamba ni wanandoa. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Kwa hiyo cheti ni bora.

Tatu, kazi ya nyumbani ni jasho. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mama nyumbani huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Hiyo ilikuwa kesi ya talaka.

Nne, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na mila yoyote inayomnyima haki hiyo ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu wawe wanawake. Na hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. Hili la majina mawili tulilirudia mara tatu siku ile, hatukuamini.

Lakini hatutaki kudanganyana kwamba sheria imemaliza kila kitu. Urithi wa kimila bado una kanuni zilizotangazwa mwaka 1963, na ndani yake mjane hapati fungu lake mwenyewe, anatazamwa kupitia kwa watoto. Wajane wawili wa Shinyanga waliotolewa majumbani mwao walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba kanuni zile zinabagua, ila haikuzifuta. Wakakata rufaa, wakakwama. Suala likafika Umoja wa Mataifa, kwenye Kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikasema Tanzania ilikiuka haki zao. Tazameni safari ile ilivyokuwa ndefu! Ndiyo maana sisi tunasema: karatasi iandikwe mume akiwa hai, mnakula pamoja, mnacheka. Ukingoja msiba umechelewa.

Kwa hiyo tulibadili katiba yetu. Mdhamini wa mkopo ni mwanachama mwenzako, si ukoo. Mkopo wa shamba au wa miti unatoka pale ambapo makubaliano yameandikwa, mume na mke wametia sahihi, na uongozi wa kijiji umeshuhudia. Kila daftari la hisa lina jina la mrithi aliyetajwa na mwenye daftari mwenyewe. Na anayetaka kusajili ndoa yake, mfuko wa jamii unamsaidia. Mwaka wa kwanza wa utaratibu huo, tulikuwa na wazee wenye wajukuu wanakwenda kuchukua cheti. Bwana harusi mmoja alivaa koti la suti lililokuwa linanuka moshi wa jikoni, akasema sasa ndio nimeoa.

Je, imesaidia? Mwenzetu mwingine alifiwa baadaye. Naye ni wa kuja. Shamba lake la miti lilikuwa na hati yenye majina mawili. Ndugu wa marehemu walipokuja na maneno yale yale, hakulia wala hakutukana. Alitoa hati, wakaenda wote Baraza la Ardhi la Kijiji wasuluhishwe. Ilichukua vikao kadhaa. Miti ilibaki kwake na watoto. Na tunapenda mjue jambo hili: shemeji yake ndiye anayemsaidia kupogolea matawi mpaka leo. Hakushindwa mtu. Hao watoto ni wa ukoo, miti ni yao, na bibi yao anakula kwenye meza hiyo hiyo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huwa tunalizunguka. Mkoa wetu wa Njombe ndio wenye maambukizi makubwa ya virusi vya UKIMWI nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wa Njombe wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Wajane na yatima tunao. Na mume akifa, kidole cha kwanza humwelekea mwanamke aliyetoka mbali, kwamba ndiye aliyeleta. Wapo kati yetu waliosikia maneno hayo kabla udongo wa kaburi haujakauka. Tunawaomba wakwe zetu, kwa heshima na magoti chini: ugonjwa hauna kabila, na dawa zipo. Anayemeza dawa zake kila siku bila kuacha anaishi, analima na kusomesha. Kwenye kikundi hiki hatuulizani hali. Tunaulizana marejesho.

Ndugu wanachama, tumalizie na sanduku letu lenye kufuli tatu. Mnajua lilikotoka? Utaratibu huu wa akina mama kununua hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mwaka ulianza mwaka 1991 kwa akina mama wa Niger, huko Afrika ya Magharibi, kwa msaada wa shirika la CARE, wakauita kwa Kihausa Mata Masu Dubara. Ukasafiri nchi kwa nchi mpaka ukafika vijijini kwetu. Kwa hiyo hata sanduku ni mtu wa kuja. Tulilipokea, tukalipa nafasi katikati ya mkutano, tukalipa walinzi watatu wa funguo. Nalo limetusomeshea watoto na kutuezekea nyumba.

Yaliyobaki ni mengi. Mashamba mengi ya wanachama bado hayajapimwa wala kupata hati. Wengine bado hawana cheti cha ndoa, na wengine waume zao hawataki kusikia habari ya jina la pili. Tunaiomba serikali ya kijiji, kupitia kwako Ndugu Mgeni Rasmi, kwamba upimaji ukifika, fomu ije na nafasi ya mke, na mke aitwe kwenye kikao siku hiyo, asiambiwe baadaye.

Yule mwenzetu tuliyemchangia nauli tulimpigia simu kabla ya kuandika haya, tukamwomba ruhusa tumtaje bila jina. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema semeni, ila wasichana wanaokuja nyuma waambiwe mapema, wasingoje kama mimi. Akauliza kama mama mkwe wake bado anaumwa miguu. Tukamwambia anaumwa. Akasema mpeni pole.

Basi kwa mabinti walioolewa huku mwaka huu, ambao tunawaona pale nyuma wamejifunga vitenge vitatu vitatu kwa baridi: karibuni sana. Jembe mtapewa siku ya tatu, lipokeeni, mfuateni mama mkwe, jifunzeni lugha yake. Halafu jioni, mkiwa mnaota moto, muulizeni mume taratibu: na jina langu tutaliandika lini?